Kazi ya kikundi chuoni: mwongozo kamili, kuanzia swali linapotolewa hadi maswali ya darasani

Kazi nyingi za kikundi huharibika siku ya kwanza. Wanafunzi sita wanasimama nje ya ukumbi wa mihadhara kwa dakika tano, mmoja anasema "wewe chukua utangulizi, wewe faida, wewe changamoto," kisha kila mtu anashika njia yake. Hawaonani tena hadi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, ambapo mwenye kompyuta anakesha akiunganisha vipande sita vilivyotumwa WhatsApp. Kesho yake kila mtu anakijua kipande chake, lakini kazi nzima haina anayeijua. Mhadhiri akiuliza swali linalogusa vipande viwili, wote wanatazamana.

Hapa tunaifuata kazi moja hatua kwa hatua: kikundi cha watu sita, wiki mbili, andiko la kurasa kumi hivi, na uwasilishaji wa dakika 15 ukifuatiwa na maswali ya dakika 5. Mazingira ni ya vyuo vikuu vya Tanzania, ambako kozi nyingi huwa na alama 40 za kazi za ndani ya muhula, yaani kosiwaki, na 60 za mtihani wa mwisho. Kazi ya kikundi ikibeba 15 kati ya hizo 40 na mkapata 5, mnaingia chumba cha mtihani mkiwa tayari mnaichungulia sapu, yaani mtihani wa marudio.

Swali letu la mfano ni hili: "Tathmini mchango wa mfumo wa stakabadhi ghalani katika kipato cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara." Kwa ufupi, katika mfumo huo mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, korosho huuzwa kwa mnada, naye hulipwa baadaye.

Siku ya 1 na ya 2: lisomeni swali mkiwa pamoja

Kabla ya kugawana chochote, kaeni mlisome swali kwa sauti na mpige mstari chini ya mambo manne: kitenzi, jambo lenyewe, mipaka yake, na kipimo. Kitenzi hapa ni "tathmini". Jambo ni mfumo wa stakabadhi ghalani. Mipaka ni wakulima wa korosho wa Mtwara, kwa hiyo kahawa ya Kagera haihusiki. Kipimo ni kipato: si uzalishaji, si ubora wa korosho.

Kitenzi ndicho kinachowaponza wengi. "Eleza" hutaka jambo lifahamike. "Jadili" hutaka pande zaidi ya moja. "Tathmini" hutaka hukumu: umesaidia kwa kiasi gani, umemsaidia nani, ukilinganishwa na nini? Kikundi kinachosoma "tathmini" kikajibu "eleza" kitajaza kurasa kwa maana ya stakabadhi, sheria ya maghala ya mwaka 2005, na jinsi mfumo ulivyoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Kila sentensi itakuwa ya kweli, na alama zitakuwa chache, kwa sababu swali halijajibiwa.

Mkishaelewana, andikeni jibu la muda kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Mnada umempa mkulima bei ya wazi kuliko ya mnunuzi wa mlangoni, lakini makato na kuchelewa kwa malipo vimepunguza kinachofika mkononi mwake." Huenda usomaji ukaja kuibadilisha, na hilo ni jambo jema. Kazi yake ni kuwapa watu sita kitu kimoja cha kutafutia ushahidi. Bila sentensi hiyo kila mtu atatafuta cha kwake.

Kama kuna neno lisiloeleweka, mmoja wenu aende ofisini kwa mhadhiri ndani ya siku hizi mbili akiwa na swali lililoandikwa kwenye karatasi. Wahadhiri huwa wepesi kwa mtu aliyekuja na swali mahususi, na wagumu kwa anayekuja siku ya 12 kusema "hatujaelewa".

Kikao cha kwanza: dakika 45, ana kwa ana

Kifanyikie kwenye vimbweta, maktaba au darasa tupu, lakini si WhatsApp. Kwenye grupu la WhatsApp mtu anajibu "sawa" bila kusoma, na hakuna anayejua nani amekubali nini. Grupu libaki kwa matangazo: saa, mahali, nani ameleta nini.

Toeni majukumu matano mbali na uandishi. Mratibu huitisha vikao na kufuatilia tarehe. Mhariri huunganisha andiko. Mtunza marejeo huhakikisha kila chanzo kipo na kimeandikwa kwa mtindo mmoja. Mtengeneza slaidi hufanya slaidi zote, kwa sababu slaidi zilizotengenezwa na watu sita huonekana za watu sita. Mtunza muda husimamia mazoezi na saa ya siku ya kuwasilisha. Mtu wa sita awe mkosoaji: husoma kila kitu akitafuta mahali ambapo hoja imelegea, na ndiye atakayekusanya maswali ya kujiandaa nayo. Msimpe mratibu uhariri pia. Yule mchapakazi mmoja atakubali yote mawili, atachoka siku ya tisa, na kazi itakwama naye.

Kulegea kwa mtu akiwa kwenye kundi ni jambo lililopimwa zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sababu ni mbili: watu hawavuti kwa wakati mmoja, na mtu akijua juhudi yake haionekani, huipunguza. Sababu ya kwanza dawa yake ni ratiba. Ya pili dawa yake ni kila mtu kuwa na kitu chenye jina lake na tarehe yake.

Kugawana kazi kwa mnyororo

Kugawana sehemu hakuepukiki, ila kila sehemu iwe na watu wawili: mwandishi na msomaji wa pili. Panganeni kwa mduara. Wa kwanza anaandika sehemu ya 1 na kuisoma ya 2, wa pili anaandika ya 2 na kuisoma ya 3, hadi wa sita anayeandika ya 6 na kuisoma ya 1. Kuisoma si kuipitia kwa macho. Msomaji wa pili lazima aweze kuisimamia sehemu hiyo mbele ya darasa kama mwandishi wake ameamka na malaria.

Siku ya 3 hadi ya 6 ni za kusoma na kukusanya. Siku ya 7 fanyeni kikao cha pili, na hiki msikiruke hata mkibanwa na testi: kila mtu anaeleza alichokipata kwa dakika tano, kwa Kiswahili, bila karatasi wala simu mkononi. Asiyeweza kueleza hajasoma, au amenakili asichokielewa. Ni heri mligundue hilo mkiwa watu sita kuliko mbele ya darasa la watu mia. Hapo ndipo pia mnapogundua kwamba wawili wameleta kitu kilekile, na kwamba upande wa makato anayokatwa mkulima haujaguswa na mtu.

Kuandika, siku ya 8 hadi ya 11

Tumieni faili moja la Google Docs ambalo wote mnaliona. Mwenye shida ya bando aliwashe faili lifanye kazi bila intaneti kwenye simu yake, aandike, kisha aunganishe mtandao mara moja kwa siku ili maandishi yapande. Mkubaliane mapema juu ya fonti, nafasi kati ya mistari na mtindo wa marejeo ambao idara inautaka. Vyuo vingi hutumia APA, lakini toleo mlilopaswa kulifuata liko kwenye maelezo ya kozi, kwa hiyo litazameni.

Chanzo kiandikwe sekunde ileile dai linapoandikwa: mwandishi, mwaka, ukurasa. "Nitaweka baadaye" ndiyo inayozaa orodha ya marejeo yenye vitu visivyomo kwenye andiko, na andiko lenye majina yasiyomo kwenye orodha. Mhadhiri huanza kutazama huko kwa sababu ni rahisi kukagua. Aliyetumia programu ya akili bandia kutafuta vyanzo afungue kila kimoja na kukiona kwa macho yake, maana programu hizo hutunga makala zisizokuwepo, zikiwa na majina ya waandishi na miaka inayoaminika kabisa.

Msinakili kazi za mwaka jana zinazozunguka kwenye magrupu. Vikundi vitatu vya darasa lenu vinalo faili hilohilo, na Turnitin, programu ya kukagua unakili, huonyesha mfanano hata kama mmebadilisha mpangilio wa aya.

Siku ya 11 ni ya mhariri peke yake, na apewe siku nzima. Afanye mambo matatu. Kwanza, ahakikishe kitu kimoja kinaitwa jina moja mwanzo hadi mwisho: si "chama cha msingi" ukurasa wa pili, "ushirika" wa tano na "AMCOS" wa nane. Pili, alinganishe takwimu, maana sehemu ya 2 ikisema bei moja na sehemu ya 5 nyingine kwa msimu uleule, kazi nzima inapoteza imani. Tatu, asome hitimisho halafu arudi kwenye swali, aone kama hukumu imetolewa.

Mwenzenu asiyefanya kazi

Kila darasa lina mtu anayesema "mimi nitatoa hela ya kuprinti". Msikubali. Kuchapa kurasa kumi ni pesa ndogo, na jina lake likiingia kwenye kava bila kazi mmemfundisha kufanya hivyo muhula ujao kwa wengine.

Lakini anzeni kwa kuuliza. Siku ya 4 mratibu ampigie simu, si kumsema kwenye grupu. Huenda bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka na hana bando, huenda anafanya kazi jioni, huenda anaogopa Kiingereza chake na anaona haya kusema. Hayo yote yana ufumbuzi: atumiwe makala kwa flashi, kikao kihamishiwe mchana, asaidiwe na msomaji wake wa pili. Kama bado hajaleta kitu hadi kikao cha siku ya 7, aambiwe mbele ya wote kwamba ana hadi siku ya 9. Ikipita, mratibu aende kwa mhadhiri akiwa na karatasi ya mahudhurio ya vikao na jedwali la nani aliahidi nini na alileta nini. Malalamiko yakifika kabla ya kukabidhi, mhadhiri anaweza kufanya kitu. Yakifika baada ya alama kutoka, yanasikika kama ugomvi wenu binafsi.

Slaidi, siku ya 12

Kwa dakika 15 slaidi tisa au kumi zinatosha. Slaidi ni kwa ajili ya wasikilizaji. Ya kwako wewe msemaji ni kadi ya mkononi. Mkibandika aya nzima ukutani, darasa litaisoma haraka kuliko mnavyosema, litamaliza, na litarudi kwenye simu.

Kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi yenye dai. "Changamoto" haimwambii mtu chochote. "Mkulima hupeleka korosho leo, hulipwa baada ya mnada" kinamwambia hoja nzima, hata aliyechelewa kuingia. Chini yake weka mistari mitatu au minne, au picha moja, au namba mbili. Jedwali la safu kumi na mbili lililonakiliwa kutoka kwenye ripoti halisomeki kuanzia safu ya tatu ya viti. Chagua namba mbili zinazobeba hoja, jedwali lenyewe libaki kwenye andiko.

Maandishi ya kawaida yasipungue ukubwa wa 28, vichwa 36 au zaidi. Madarasa yetu mengi yana madirisha makubwa yasiyo na mapazia na projekta zilizochoka, kwa hiyo maandishi meusi kwenye nyeupe ndiyo salama. Njano kwenye nyeupe hupotea kabisa, na nyekundu kwenye bluu huumiza macho.

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Hapa ndipo wawasilishaji wengi wazuri wanapopotezea alama, na hapazungumzwi vya kutosha. Mmejadili kwa Kiswahili wiki nzima, mmeelewa, mmebishana hadi mkakubaliana. Siku ya kuwasilisha mnatakiwa kusema kwa Kiingereza, na ghafla mtu aliyekuwa akieleza mnada wa korosho vizuri kimbwetani anasoma slaidi neno kwa neno kwa sauti ya chini. Maarifa anayo. Kinachokosekana ni njia ya kuyavusha, na njia hiyo inajengwa kwa mazoezi ya siku mbili.

Anza kwa kumweleza sehemu yako, kwa Kiswahili, mtu wa kozi nyingine kabisa, huku simu ikirekodi. Sikiliza rekodi, na andika hoja tano ulizozisema kwa mpangilio uliozisema. Mpangilio huo ni bora kuliko wa andiko, kwa sababu ndio uliotoka kichwani mwako ukiwa umetulia. Kisha sema kila hoja kwa Kiingereza ukitumia sentensi fupi, zisizozidi maneno kumi na mbili. Usitafsiri andiko lako: sentensi ndefu ya kitaaluma ikikatika katikati haina pa kurudia, ilhali ukikwama kwenye fupi unaanza inayofuata.

Maneno yanayokugonga ulimi yaandike pembeni. Lile linaloweza kubadilishwa, libadilishe. Lile ambalo ni istilahi ya somo, sikiliza linavyotamkwa kwenye kamusi ya simu na ulirudie mara ishirini kwa sauti. Sentensi zako mbili za kwanza na moja ya mwisho zikariri neno kwa neno, maana hofu huwa kubwa mwanzoni na watu hupotea wakitafuta pa kuishia. Katikati usikariri: aliyekariri dakika mbili nzima akisahau neno moja, yote yaliyofuata yanakimbia nalo. Mkononi shika kadi ya robo karatasi ya A4 yenye hoja zako tano kwa maneno mawili mawili. Karatasi nzima hutetemeka na mikono, na macho huzama humo.

Wanaosoma Kiswahili chenyewe, kwa mfano kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana shida iliyogeuka: vyanzo vingi vya nadharia viko kwa Kiingereza na uwasilishaji ni wa Kiswahili. Dawa ni ileile, ila orodha ya pembeni sasa ni ya istilahi za Kiswahili ambazo kikundi kizima kimekubaliana kuzitumia.

Hesabu ya muda

Msemaji anayeeleweka hutumia maneno 110 hadi 130 ya Kiingereza kwa dakika. Dakika mbili basi ni maneno 240 hivi, nusu ukurasa uliochapwa. Aliyejiandalia kurasa mbili atakatwa kabla hajafika kwenye hoja yake.

Kama mhadhiri ameruhusu wachache kuzungumza, wawe watatu: dakika 4, 5 na 4. Akitaka wote sita, kila mmoja apate dakika 2, kupokezana kuchukue moja, na mbili zibaki akiba. Msipange dakika zote 15, kwa sababu projekta itakula moja na kicheko cha darasa nusu. Utambulisho afanye mtu mmoja kwa sekunde ishirini. Kila mmoja akianza kwa kutaja jina na namba ya usajili, mmeshatupa dakika nzima kwa taarifa iliyoko kwenye kava.

Hukumu yenu, lile jibu la swali, itajwe mapema kwenye slaidi ya pili na irudi mwishoni. Vikundi vinavyoitunza hadi dakika ya 14 mara nyingi hukatwa kabla ya kuifikia, na ndiyo iliyokuwa na alama.

Mazoezi matatu, siku ya 13

La kwanza mmekaa, saa ya simu ikihesabu, kupima muda tu. La pili mmesimama kwenye darasa tupu na slaidi zikiwa zinaonekana, mkoleze kupokezana: anayemaliza aseme sentensi moja inayomkabidhi mwenzake hoja, huku mwenzake ameshasogea. La tatu mbele ya watu wawili watatu wa nje, nao waulize maswali.

Katika zoezi la pili, mkosoaji akae kiti cha mwisho nyuma kabisa. Asipomsikia mtu anyooshe mkono, na msemaji arudie sentensi hiyo hadi mkono ushuke. Msiwaambie watu "ongeza sauti" kwa jumla, maana huongeza kwa sentensi mbili wakarudi walipokuwa. Mara nyingi sauti haitoki kwa sababu mtu ameugeukia ukuta akisoma slaidi, kwa hiyo mrekebisheni anavyosimama: miguu ielekee darasani, kompyuta iwe mbele yake.

Siku yenyewe

Fikeni dakika 20 kabla. Projekta za zamani hupokea waya wa VGA na kompyuta mpya nyingi zina HDMI tu, kwa hiyo kopeni kigeuzi tangu jana yake. Picha isipotokea ukutani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha ile ile ionekane kote kuwili. Faili liwe sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye barua pepe, na liwepo pia kwa PDF, kwa sababu PowerPoint ya toleo jingine huhamisha maandishi na kubadilisha fonti. Flashi iliyopita kwenye kompyuta za stesheneri huweza kuja na virusi vinavyoficha mafaili, basi ifungueni na kuikagua kabla ya darasa. Fungeni WhatsApp ya kwenye kompyuta: ujumbe wa nyumbani ukitokea ukutani, darasa lote limeusoma.

Chapeni pia slaidi zote kwenye karatasi moja au mbili. Umeme ukikatika, msisubiri urudi. Msemaji aandike hoja tatu ubaoni na aendelee.

Maswali

Mkosoaji awe ameandaa maswali kumi, kila moja na mwenyewe wa kulijibu. Yale magumu hutoka pale jibu lenu linapopingwa na tukio linalojulikana. Kwa korosho, lazima mtu aulize: kama mnada unampa mkulima bei nzuri, kwa nini Novemba 2018 serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo? Kikundi kilichosoma kitajua kwamba wakulima walikuwa wamezikataa bei za minada, na kitalitumia swali hilo kuonyesha kikomo cha hoja yake: mnada huweka bei wazi, lakini hauwezi kumlazimisha mnunuzi apande dau.

Maswali yakikusanywa matatu matatu, mratibu ayaandike na kuyagawa kwa jina. Anayejibu aseme jibu kwanza, sababu baadaye. Mwenzake aongeze sentensi moja tu akiona kuna lililosahaulika, na kamwe asianze kwa kumkana. Mkiwa hamjui, semeni mnachokijua karibu na swali, kisha mseme wazi kwamba hilo jingine hamkulipata kwenye vyanzo mlivyosoma. Kubuni takwimu papo hapo ni hatari: mhadhiri ataomba chanzo.

Wakati huohuo mtunza marejeo aandike kila swali na kila rekebisho la mhadhiri. Kama nakala ya mwisho inakabidhiwa baada ya uwasilishaji, marekebisho hayo yaingizwe siku hiyohiyo jioni, mkiwa bado mnakumbuka alichomaanisha, na kila mwanakikundi atumiwe faili la mwisho pamoja na orodha ya maswali. Mhadhiri akitunga mtihani, swali aliloona vikundi vyote vimelikwepa ni rahisi kulikumbuka.